Kuotesha mkilua uani, kuanzia mbegu hadi ua

Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Hauoti kwa asili penginepo duniani, na misitu yenyewe imebaki vipande vipande katikati ya mashamba, machimbo ya mawe na viwanja vya nyumba. Waswahili wameupanda majumbani tangu zamani kwa ajili ya ua lake, kilua, linalotiwa kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na rehani, asmini na mkadi. Wanaoijua harufu ni wengi. Wanaoujua mti ni wachache, na wanaojua kuuotesha ni wachache zaidi, wakati nyua zetu zimejaa bogenvilia na krotoni zilizoletwa kutoka mbali.

Kabla hujashika jembe, lishike jambo moja: mkilua ni mti wa chini ya miti. Umezoea kivuli cha miti mikubwa, udongo uliofunikwa na majani yanayooza, na hewa yenye unyevu isiyopigwa na upepo. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo. Ukikosea kiasi cha mbolea utakusamehe. Ukiusimamisha peke yake katikati ya uwanja unaowaka jua kutwa, umeuonea.

Hakikisha kwanza kwamba ni mkilua

Jina lake la kitaalamu ni Mkilua fragrans, lililotolewa na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt mwaka 1970. Litumie unapoulizia kitaluni, kwa sababu miti yenye maua ya manukato huchanganywa sana. Muuzaji anaweza kukupa mlangilangi kwa nia njema kabisa. Huo nao ni wa ukoo mmoja na mkilua, lakini asili yake ni Asia, na ukiachwa unakuwa mti mrefu wa kupita mapaa. Mkilua hubaki kichaka au mti mdogo. Mita 2 au 3 ni kimo cha kawaida, na ukipata raha zake hufika mita 5 au 6.

Ukoo wenyewe ni ule wa mstafeli na mtopetope, kwa hiyo tafuta dalili za ukoo. Majani ni mazima, hayana meno pembeni, na yamejipanga kwa kupokezana, moja upande huu wa kijiti na linalofuata upande wa pili. Ua lina petali 6 nene, 3 nje na 3 ndani. Tunda ndilo linalotofautiana na stafeli: badala ya tunda moja kubwa, ua moja hutoa kifungu cha vitunda vilivyoshikana kwenye ncha ya kikonyo kimoja, kila kimoja na mbegu zake.

Kuna jambo moja linalonifanya niuthamini zaidi mti huu. Ni spishi pekee katika jenasi yake, na jamaa zake wa karibu kabisa hawako Afrika. Wako Amerika ya kitropiki. Huku kwetu umebaki peke yake. Ukitoweka, hakuna ndugu wa kushika nafasi yake upande huu wa bahari.

Mbegu na miche vitoke wapi

Usiung'oe msituni. Misitu ya hifadhi ina wenyewe: Kenya inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, Tanzania na Wakala wa Huduma za Misitu, na kuchukua mmea humo bila kibali ni kosa. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zina wazee wake na miiko yake, tena kadhaa kati ya hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata kama sheria isingekuwepo, mti mkubwa uliong'olewa porini huacha nusu ya mizizi yake ardhini na mara nyingi hunyauka kabla ya mvua ya pili. Utakuwa umeipunguzia misitu mti mmoja na nyumbani hujapata kitu.

Njia nzuri ni kutafuta nyumba yenye mkilua tayari. Katika miji ya zamani ya pwani bado ipo, ndani ya nyua, nyuma ya kuta ambazo mpita njia haoni. Piga hodi, msalimie mwenye nyumba kwa heshima yake, na umwombe matunda machache yaliyoiva badala ya kuomba tawi. Wengi hawapendi mti wao ukatwe, na wana haki. Ukikuta bibi ambaye amekuwa akitunga vikuba maisha yake yote, kaa umsikilize: anajua mti wake unachanua mwezi gani na ulipandwa upande gani wa nyumba, na hayo hutayapata kwa mwenye kitalu.

Ukiweza, pata mbegu kutoka kwa miti miwili au mitatu ya nyumba tofauti. Miti ya mtaa mmoja huenda yote ni watoto wa mama mmoja, na mchanganyiko wa damu ndio unaoipa mimea nguvu ya kustahimili magonjwa na ukame.

Kuatika mbegu

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbegu za ukoo huu zina ganda gumu, na ndani yake kiini cha mche ni kidogo sana, kimezungukwa na chakula kingi. Tunda linapoiva, kiini hicho bado ni kichanga. Lazima kwanza kikue ndani ya mbegu ndipo kitoboe nje. Kwa hiyo mbegu ya mkilua haioti kwa siku chache kama kunde; ni suala la wiki nyingi, na pengine miezi. Haipendi pia kuanikwa. Ukiiweka juani siku mbili halafu ukaifungia koponi mpaka mwakani, usitegemee kitu.

Subiri vitunda vilainike kwenye mti au vianze kudondoka vyenyewe. Toa mbegu, uzisugue kwa mchanga na maji hadi nyama yote itoke, maana utamu unaobaki huita kuvu na sisimizi. Zitie kwenye bakuli la maji. Zinazozama ndizo za kutegemea; zinazoelea nyingi ni tupu, lakini mti ukiwa adimu kiasi hiki usizitupe, zipande pembeni peke yake. Ziache ndani ya maji usiku mmoja, kisha ziatike siku inayofuata. Ikiwa unazisafirisha, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu kidogo, uzitie kwenye mfuko uliotobolewa, na usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Udongo wa kuatikia uwe mwepesi. Changanya kwa viwango sawa mchanga wa mtoni, mboji ya majani iliyochekechwa, na vumbi la makumbi ya nazi. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa. Na makumbi yenyewe yana mtego wake: yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutengeneza kamba yamenyonya maji ya bahari, na yakikauka chumvi hubaki ndani. Yaloweke kwenye ndoo ya maji matamu, uyakamue, umwage maji, urudie. Onja tone la maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ukihisi chumvi hata kidogo, rudia tena.

Tumia viriba (mifuko ya kuoteshea miche) virefu, vya sentimita 20 hadi 25, kwa sababu mzizi mkuu hushuka chini mapema kabla jani halijaonekana kuwa na maana. Kiriba kifupi hulazimisha mzizi ujikunje, na mti wenye mzizi uliojikunja hautulii ardhini hata miaka mingi baadaye. Weka mbegu moja katika kila kiriba, kina chake kiwe mara mbili ya unene wa mbegu, na ufunike juu kwa mboji nyembamba.

Panga viriba chini ya chanja ya makuti inayopitisha mwanga wa vipande vipande. Nyunyiza maji kwa kopo lenye matundu madogo. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Jaribio ni rahisi: fumbata udongo kidogo. Ukishikana kisha ukasambaratika ukiugusa, uko sawa. Ukidondosha maji, umezidisha. Panya wanapenda mbegu hizi, kwa hiyo funika kwa wavu wa waya. Andika tarehe na jina la nyumba ulikotoa mbegu kwenye kibao, kwa penseli, kwa sababu wino hufutika kwa mvua na jua.

Kisha subiri, na usifukue. Mbegu iliyofukuliwa ili kutazamwa kama imeanza kuota huvunjika kimzizi chake wakati huohuo. Endelea kumwagilia viriba vilivyo kimya sawasawa na vilivyoota. Baadhi huchomoza baada ya wenzao kwa muda mrefu sana.

Mche unapotoka mara nyingine huja umevaa ganda kichwani. Usilivute kwa vidole. Lidondoshee maji asubuhi na jioni mpaka lilainike na kuachia lenyewe. Ukilivuta utang'oa na majani ya kwanza, na mche wa namna hiyo haufiki mbali.

Mizizi ikianza kutokeza kwenye matundu ya chini ya kiriba, hamishia kwenye kiriba kikubwa zaidi. Miche ibaki chini ya chanja mpaka ifike kimo cha goti. Mwezi wa mwisho kabla ya kuipanda, punguza makuti ya juu taratibu ili majani yazoee mwanga.

Tawi badala ya mbegu

Kama mwenye mti ameridhia, unaweza kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado limeshikamana na mama yake. Kwa tawi la chini, likunje hadi ligusane na ardhi, likwaruze upande wa chini kwa kisu, lifukie sehemu hiyo kwenye mboji na uliwekee jiwe juu. Kwa tawi la juu, bandua gome mduara wa sentimita 2 hadi 3, zungushia vumbi la makumbi lililooshwa na kuloweshwa, funga kwa nailoni, na kaza kamba juu na chini ili unyevu usitoke. Fanya hivyo mvua zinapoanza, na usikate tawi mpaka uione mizizi kupitia nailoni.

Faida yake ni kwamba tawi lililotoka kwenye mti mkubwa kwa kawaida hutangulia kuchanua kuliko mche wa mbegu. Hasara ni kwamba unapata nakala ya mti uleule. Vijiti vilivyokatwa na kuchomekwa kwenye udongo sivitegemei. Ukitaka kujaribu, chukua kijiti ambacho si kichanga wala si kigumu kabisa, cha sentimita 15 hivi, ukate majani nusu, uchomeke kivulini na ukifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.

Mahali pa kuupanda

Upande wa mashariki wa nyumba unafaa sana: mti unapata jua laini la asubuhi, na jua kali la alasiri linazuiwa na ukuta. Usiupande mbele ya ukuta unaotazama magharibi. Ukuta huo hunyonya joto kuanzia saa nane na kuendelea kulitoa hadi usiku, na majani laini ya msituni huungua kingo.

Chini ya mti mkubwa wenye matawi ya juu na mwanga wa kupenya ni pazuri pia. Chini ya mwembe uliokomaa giza huzidi. Punguza matawi ya chini kwanza. Mnazi una kivuli kizuri, lakini kumbuka kuti kavu na nazi huanguka wima, na zote mbili huweza kuuvunja mti mchanga kwa pigo moja. Uwe mbali na shina la mnazi kiasi cha kuti kuanguka bila kuufikia. Mbali na karo la maji machafu pia, na angalau mita 2 kutoka kwenye msingi wa nyumba.

Fikiria na upepo. Kusi huvuma sehemu kubwa ya katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari upepo huo huja na chumvi. Ukuta au safu ya vichaka vigumu upande wa bahari utautosha. Mti ukikaa upande ambao upepo unapita kuja dirishani au barazani, harufu yake itaingia nyumbani yenyewe bila wewe kuchuma hata ua moja.

Shimo na udongo

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, na kina kama hicho. Penye matumbawe utahitaji sululu, na nakuomba usipunguze kina kwa sababu ya uchovu. Mzizi mkuu ukigonga mwamba mapema, mti utadumaa. Jaza maji shimoni. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, tafuta mahali pengine au uinue tuta, kwa maana mizizi ya mti huu haivumilii kuoga kutwa kucha.

Chambua vipande vyote vya saruji na chokaa vilivyobaki wakati wa ujenzi. Udongo wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, na ikizidi mti hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo. Utaiona dalili kwenye majani machanga: yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa ya kudumu ni majani yaliyooza, kwa wingi na kila mwaka. Changanya udongo uliotoka shimoni na mboji ya majani, nusu kwa nusu, na samadi iliyokomaa koleo moja tu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa.

Kupanda

Panda masika yanapoanza, jioni au siku ya mawingu. Vuli nayo inafaa, lakini utakuwa na kazi zaidi ya kumwagilia kiangazi kinapofuata. Chana kiriba kwa wembe, usikivute. Bonge la udongo likivunjika, mizizi myembamba hukatika. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, kama ilivyokuwa kiribani. Shindilia kwa mikono, si kwa miguu, kisha mwagilia taratibu ndoo nzima.

Tandaza majani makavu unene wa sentimita 8 hadi 10 kuzunguka mti, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina. Matandazo haya ndiyo sakafu ya msitu uliyoihamishia uani, na nayaona kuwa na thamani kuliko mbolea yoyote ya dukani. Mazoea ya kufagia ua hadi udongo ung'ae yaishie kwenye mpaka wa matandazo; mweleze kila anayefagia. Mwaka wa kwanza simika kuti upande wa magharibi kama pazia.

Anayeishi ghorofani anaweza kuuweka kwenye chungu kirefu cha upana wa sentimita 40 au zaidi, chenye tundu chini, kwenye veranda yenye kivuli. Utabaki mdogo na utahitaji maji mara nyingi zaidi, lakini utaishi.

Maji

Miezi 6 ya kwanza mwagilia mara 2 au 3 kwa wiki kama hakuna mvua, maji mengi kwa wakati mmoja badala ya kidogo kidogo kila siku. Maji kidogo huishia juu, na mizizi huyafuata hukohuko juu, ambako kiangazi huikausha. Baada ya mwaka wa pili mara moja kwa wiki inatosha wakati wa ukame.

Tatizo kubwa la pwani ni visima vyenye maji ya chumvi. Mtu humwagilia kwa bidii kila siku na mti unazidi kunyong'onyea, naye anaongeza maji, yaani anaongeza chumvi. Angalia jani: chumvi huanza kuunguza ncha, kisha ukingo wote unakuwa kahawia na kukauka kama karatasi, huku katikati pakibaki kijani. Ukosefu wa maji ni tofauti, jani zima hulegea na kuning'inia, kisha husimama tena baada ya kumwagilia. Ukiona ukingo wa kahawia, acha kisima hicho. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye paa kwa pipa lenye mfuniko, na uyatumie kwa mti huu kwanza. Kama umekwisha kuutia chumvi, mwagilia maji ya mvua mengi mara moja ili yaisukume chumvi chini ya mizizi.

Mbolea na kupogoa

Mboji ya majani mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, basi. Mbolea kali za chumvichumvi hukuza majani laini yanayoitia wadudu, na mti wa msituni hauzihitaji.

Kisu kiwe mbali miaka ya mwanzo. Baadaye toa matawi makavu na yanayosuguana, baada ya msimu wa maua kwisha. Ukitaka kichaka kilichojaa badala ya mti mwembamba, kata ncha ya shina kuu ukifika kiunoni, itachipua pembeni.

Wadudu na magonjwa

Mchwa hufuata matandazo, na hasa mti uliokwisha kudhoofika. Weka shina wazi kama nilivyosema, na ukiona vichuguu vya udongo vikipanda juu yake, vikwangue na uchunguze kama mti una kiu. Vidung'ata weupe hukaa mikunjoni mwa majani na kuacha utandu mweusi kama masizi. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, au nyunyizia mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na sabuni kidogo, jioni, jua likiwa limetua. Fuata pia njia ya sisimizi, maana ndio wanaowalinda na kuwahamisha. Miche ikianguka ghafla huku shina limelainika penye usawa wa udongo, hiyo ni kuvu ya maji kuzidi: punguza kumwagilia, ongeza hewa kati ya viriba.

Dawa kali za kuua wadudu usizipulize wakati wa maua, kwa sababu ninayoieleza sasa.

Kutoka ua hadi tunda

Mti wa mbegu utakuchukua miaka kabla ya kilua cha kwanza. Kilua kitatokea, lakini huenda tunda lisitokee, na wengi hudhani mti ni dume. Sivyo. Maua ya ukoo huu yana sehemu za kike na za kiume ndani ya ua moja, ila hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Kwanza huamka sehemu ya kike katikati, ikiwa na unyevu unaonata. Baadaye, sehemu hiyo ikiwa imekwisha kukauka, ndipo chavua hutoka. Kwa hiyo ua haliwezi kujichavusha kirahisi. Katika ukoo huu wanaoibeba chavua kutoka ua hadi ua mara nyingi ni mbawakawa wadogo, na katika ua uliopulizwa dawa au ulio mbali na miti mingine hawapo.

Ukitaka mbegu, fanya kazi yao, kama wakulima wanavyofanya kwa matunda jamaa ya stafeli. Tafuta ua lililokomaa ambalo chavua imeanza kuachia. Liguse ndani kwa brashi laini ya rangi, ndogo kabisa, mpaka uone vumbi kwenye nywele zake. Kisha tafuta ua linaloanza kufunguka, chungulia katikati, na kama pananata na kung'aa, pitisha brashi hapo kwa upole. Kama maua yaliyo katika hatua hizo hayakukutana siku moja, weka chavua kwenye kikaratasi ndani ya kichupa kikavu usiku mmoja na ujaribu asubuhi. Ukiwa na miti miwili isiyo ndugu, toa chavua kwa huu uipeleke kwa ule. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo cha kila ua ulilochavusha, ili asije mtu akalichuma.

Kwa kikuba, chuma asubuhi mapema kabla jua halijakaza, ukate kikonyo kwa kucha au kisu badala ya kuvuta, kwa sababu kuvuta hubandua gome. Petali zake ni nene na hazinyauki haraka kama asmini. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka wakati wa kutunga. Wakati wa harusi mahitaji huwa makubwa na mti mmoja huweza kuchumwa ukabaki mtupu. Acha angalau theluthi moja ya maua juu ya mti, na yale yenye uzi usiyaguse hata aombaye awe mpenzi wako.

Unapopata miche ya ziada

Gawa. Miti mitano katika nyua tano ni salama kuliko mitano katika ua mmoja, ambao unaweza kuuzwa na kujengwa ghorofa. Kila mche utoke na kibao chake kinachosema mbegu ilitoka mji gani, nyumba gani na mwaka gani. Mwenye kibao hicho atajua ni mti upi wa jirani wa kuupelekea chavua.

Miche hiyo usiipeleke kuipanda msituni kwa uamuzi wako mwenyewe, hata kama unaona msitu umepungua. Inaweza kubeba kuvu na wadudu wa bustanini, na huenda damu yake si ya msitu ule. Zungumza kwanza na wazee wa kaya, kikundi cha kijiji kinachohifadhi msitu, au ofisi ya misitu ya wilaya. Wakitaka mikilua, wapelekee mbegu walizokuruhusu kuziokota katika msitu wao wenyewe, ulizozitunza kitaluni kwako zikawa miche, na wao ndio waseme ipandwe wapi.